Mdogo wangu anauliza kama nitamfungulia mlango

Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne na kuifuta mara nne. Safari hii naiandika mpaka mwisho, iwe iwavyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47. Sijaolewa, na kwa miaka kumi nilikaa na mama yetu nikimuuguza. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alitangulia zamani. Mama alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na korona ilipoingia mwaka 2020 alikuwa na miaka 71. Bila shaka unakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa siku zile: wazee wajihadhari, wenye kisukari wajihadhari, wenye presha wajihadhari. Kila tangazo lilikuwa kama linamtaja mama yangu kwa jina.

Nikaifunga nyumba. Serikali ilikuwa imeshatoa masharti yake, na mimi nikayaongezea yangu. Hakuna aliyeingia. Nguo nilizotokea nje nilizivua mlangoni. Vitu vya dukani nilivipangusa kimoja kimoja kwa dawa, vingine nikaviacha nje siku tatu ndipo niviguse. Mwanzoni mama alikuwa ananicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Mdogo wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kazi yake haikusimama hata siku moja, maana mizigo ilitakiwa ifike. Mwezi wa Juni alipita kwetu bila taarifa, saa kumi na moja jioni. Alibisha. Nilipochungulia nikamwona kasimama na barakoa yake, kashika mfuko. Akasema, "Dada, nifungulie nimwone mama. Dakika tano tu." Nikamwambia azunguke dirishani. Akasema hana homa, hana kikohozi, njiani kote amekuwa akijihadhari. Nikamjibu kwamba wapo wanaobeba ugonjwa bila dalili yoyote. Hapo akaanza kulia, mtu mzima, huku anapiga mlango kwa kiganja. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga kama mtu anayemwamsha mwenziwe. Mimi nilikuwa nimeuegemea mlango kwa ndani, na kila alipogonga nilihisi mgongoni. Sikufungua.

Mwishowe akaenda dirishani. Mama akaweka kiganja chake kwenye kioo, naye akaweka chake kwa nje. Masikio ya mama yalikuwa mazito, kwa hiyo mengi aliyoambiwa hakuyasikia, akawa anaitikia kwa kichwa tu. Mdogo wangu akauacha ule mfuko kizingitini, akaondoka.

Ndani yake mlikuwa na shali ya pamba, ya zambarau. Niliiacha nje siku tatu, kisha nikailoweka kwenye maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Dawa nikaizidisha. Ilipokauka ilikuwa na baka jeupe upande mmoja, pana kuliko kiganja. Mama aliipokea hivyo hivyo. Aliivaa kila siku, sehemu yenye baka akiikunja kwa ndani.

Agosti ya mwaka huohuo mama alifariki usingizini. Daktari alisema ni moyo. Korona alipimwa, hakuwa nayo. Wakati huo mdogo wangu alikuwa karantini kwa sababu mwenzake wa safari alikutwa na ugonjwa, na zilibaki siku tano atoke. Mazishi hayakusubiri, na hata idadi ya wahudhuriaji ilikuwa imepangwa. Akayaangalia kwenye simu. Mtandao ulikatika mara mbili, na uliporudi mara ya pili kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Tangu hapo alinipigia mara moja tu. Alisema, "Wewe ulimwona kila siku. Mimi nilimwona kwenye kioo." Akakata simu. Hatujasemezana tena.

Sasa niseme yangu. Masharti yaliondolewa, watu wakavua barakoa, wakakumbatiana, mimi nikabaki palepale. Kazini naenda kwa sababu sina budi, lakini nyumbani kwangu hajaingia mtu tangu mwili wa mama utolewe. Majirani huzungumza nami wakiwa nje. Mikono naosha mpaka ngozi inapasuka kati ya vidole, na usiku inawaka moto. Nikimaliza kuosha napata nafuu kidogo, halafu najiuliza kama nilifunga bomba kwa kidole nilichokwisha kukiosha, basi narudi. Najua haina maana, lakini kujua hakunisaidii. Mwenzangu mmoja wa kazini aliniuliza, "Korona ilishakwisha, unaogopa nini?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita mdogo wangu ameniandikia ujumbe. Nauweka hapa neno kwa neno: "Nitapita huko mwezi ujao. Naomba ile shali ya mama nikae nayo. Utanifungulia?"

Shali ipo kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki niliofunga fundo. Hajui kwamba niliiharibu. Nikimwomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba nilikosea, nami sioni kama nilikosea. Nilikuwa namlinda mama. Nisipomwomba, sina ndugu mwingine. Na usiku namsikia mama akiniuliza kwa nini nilimnyima mwanawe miezi yake ya mwisho kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuja. Hilo ndilo linalonimaliza. Tena hata nikitaka kumfungulia, sijui kama mkono wangu utakubali kuzungusha ufunguo.

Nifanye nini?

Niliyeegemea mlango

*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Pole kwa mama, pole ambayo nadhani hukupewa kama inavyostahili, maana msiba wenyewe ulikuwa wa haraka na wa watu wachache. Na pole kwa mikono.

Unauliza kama umwombe radhi mdogo wako. Lakini ninavyokusoma, kinachokunyima usingizi ni kutaka kujua kama siku ile uliufunga mlango kwa haki. Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza kabisa, umelitaja kama mtu anayepita njia: kwamba mlango huo mpaka leo haujafunguliwa kwa yeyote. Nitajaribu kugusa yote, ila si kwa kipimo sawa.

Nianze na ile Juni, kwa sababu naona unaihukumu kwa macho ya leo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa umekuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Mdogo wako alipobisha, ilikuwa haijatimia hata miezi minne. Chanjo haikuwapo, Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa, ilianza kuwachanja watu wake tarehe 8 Desemba, mama ameshazikwa. Hata ushauri wa watu wa kawaida kuvaa barakoa penye msongamano, shirika hilo lilikuja kuutoa tarehe 5 Juni, mwezi uleule ndugu yako aliosimama mlangoni na ya kwake. Na zile siku tatu ulizoacha vitu nje hukuzitoa kichwani. Machi 2020 watafiti walichapisha kwamba virusi hivyo viliweza kuonekana kwenye plastiki hadi saa 72. Aprili 2021 ndipo kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilipoeleza kwamba kugusa kitu chenye virusi huleta maambukizi kwa nadra mno, chini ya mara moja katika 10,000. Kati ya taarifa hizo mbili upo mwaka mzima na zaidi. Mama yako alifariki ndani yake. Na ulipomwambia mdogo wako kwamba wapo wanaoambukiza bila dalili, ulisema kweli.

Kwa hiyo mtu akikuambia ulikuwa mjinga, usikubali. Hata ukijiambia mwenyewe.

Hata hivyo kuna jambo nataka tulitazame pamoja, na nalisema kwa kusita kwa sababu ni jambo linalouma. Umeandika kwamba serikali ilikuwa na masharti yake na wewe ukaongeza yako. Mpaka kati ya ya serikali na ya kwako nadhani umeshafutika hata kwako. Je, palikuwa na njia ya katikati siku ile? Mama kuketi uani, yeye asimame hatua kadhaa, wasikilizane bila kioo? Huenda palikuwapo, huenda hapakuwapo. Nyumba yako siijui. Ninachojua ni kwamba mtu mwenye hofu nyingi huona njia mbili tu, kufungua au kufunga, na ulikuwa ukiishi na hofu hiyo usiku na mchana, peke yako, bila mtu wa kupokezana naye zamu. Nashuku swali hili umeshajiuliza. Kama umelijibu kwa ukali kila mara, jaribu kulijibu mara moja ukiwa unamfikiria mwanamke mwingine, mgeni kwako, mwenye mama mgonjwa na usingizi wa saa tatu.

Halafu lile neno lako, "ugonjwa ambao haukuja". Ulilitumia kama ushahidi dhidi yako. Lakini kinga ikifanya kazi haiachi alama. Ugonjwa usipokuja, hakuna anayeweza kukuonyesha kama ulizuiwa na mlango au haukuwa njiani kabisa. Utaishi bila kulijua hilo, na mdogo wako vilevile. Nadhani sehemu ya mateso yenu ni kwamba kila mmoja ameamua analijua.

Kwa upande mwingine sitakuficha kwamba kufungiwa nako kuna gharama yake. Lilijulikana hata kabla ya korona. Mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu uitwao SARS, ndugu wa korona, ulipoingia Toronto, Kanada, watu wengi waliwekwa karantini. Watafiti waliwauliza 129 kati yao baadaye. Karibu theluthi moja walikuwa na dalili za sonona, na karibu wengi hivyohivyo walikuwa na dalili za mshtuko wa akili kama wa mtu aliyenusurika ajali. Waliokaa ndani siku nyingi zaidi ndio walioumia zaidi. Korona ilipokuja, haikuwa mji mmoja, ilikuwa dunia nzima, na Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Mama yako kwenye kiti chake cha dirishani alikuwa mmoja wa waliolipa. Wewe pia. Mdogo wako ndani ya lori pia.

Ila nakuomba usichukue hatua inayofuata, ile ya kusema upweke ndio uliosimamisha moyo wake. Ni kweli mahusiano na uhai vinakwenda pamoja. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 ulikusanya tafiti 148 ukaliona hilo waziwazi. Lakini hizo ni hesabu za maelfu ya watu. Haziwezi kukuambia kitu kuhusu moyo mmoja wa mwanamke wa miaka 71 mwenye kisukari na presha. Usizigeuze cheti cha kifo cha mama yako.

Unasema mama anakuuliza usiku. Sitabishana na unachosikia. Nitakukumbusha tu mama uliyenionyesha wewe mwenyewe, yule wa mchana. Alipewa shali yenye baka, akaivaa kila siku, akalikunja baka kwa ndani. Nimerudi kwenye sentensi hiyo mara nyingi. Hukuandika kwamba alilalamika. Hukuandika kwamba alikuuliza umefanya nini. Kwa nini alilikunja? Pengine aliona aibu majirani wasilione, pengine hakutaka wewe uwe unaliona kila ukimtazama. Wewe ndiye uliyeishi naye, unaweza kukisia kuliko mimi. Ila mbona mama huyu hapewi nafasi usiku, anapewa yule wa kuuliza?

Sasa mdogo wako. Umeusoma ujumbe wake kama hati ya mashtaka, na huenda ndivyo ulivyo. Lakini tazama maneno yake. Hakuandika "kwa nini hukunifungulia". Ameandika "Utanifungulia?", kana kwamba bado yuko pale nje tangu Juni ile. Linaweza kuwa kijembe cha kukuchoma, linaweza kuwa ombi, na mara nyingi kwa ndugu huwa yote mawili kwa pamoja. Kumbuka naye alipewa maneno mawili yasiyopatana. Aliambiwa kazi yake ni ya lazima, haiwezi kusimama. Kisha kila alikofika akaogopwa kama ndiye ugonjwa wenyewe. Halafu Agosti mwenzake wa safari akakutwa nao. Je, hajawahi kuwaza, katika zile siku za karantini, kwamba kama dada angefungua pengine yeye ndiye angemuua mama? Sijui. Lakini mtu mwenye wazo kama hilo anaweza kumchukia dada yake kwa sababu tu alikuwa sahihi, na hayo ni machungu ambayo hayasemeki kwenye simu.

Na pale aliposema "wewe ulimwona kila siku", nawe ulisikia lawama tu. Mimi nasikia pia wivu wa mtoto. Kukaa na mama miaka kumi kulikuchukulia mengi, wewe unayajua, lakini yeye anachokiona ni kwamba ulipewa.

Tuje kwenye radhi. Unaniambia ukiomba radhi umekubali kosa. Lugha yetu haikubani kiasi hicho. Tuna samahani, tuna radhi, tuna pole. Mtu humwambia mwenziwe pole hata kwa jambo asilohusika nalo, na hakuna anayedhani amekiri chochote. Unaweza kumpa mdogo wako pole ya kioo, pole ya mtandao uliokatika, pole ya kugonga mlango bila kufunguliwa, na ukaendelea kuamini kwamba ulikuwa na sababu. Hatari yake ni hii: pole kutoka kwa aliyekuwa upande wa pili wa mlango inaweza kusikika kama ya mpita njia, naye akaona unaruka kando. Samahani ina uzito zaidi, lakini ukiifuata na "lakini nilikuwa namlinda mama", atasikia kile cha baada ya lakini, cha kabla kitapotea. Pengine yapo mambo mawili tofauti hapa, uamuzi na jinsi ulivyotekelezwa. Mtu anaweza kusimama na uamuzi wake na bado akasema, "Uliponililia nilinyamaza nimeegemea mlango, na kunyamaza kule kunaniuma." Hilo ulijue wewe kama ni kweli. Usiliseme kwa sababu nimeliandika mimi.

Kuna suala la kumwambia lini. Ukimwandikia sasa, kabla hajaja, na ukaitaja shali pamoja na baka lake, utakuwa umemwachia muda wa kukasirika akiwa mbali na kutulia njiani. Lakini maandishi hayana sauti. Anaweza kusoma ukavu mahali ulipotia machozi, akaghairi safari. Kupiga simu kuna sauti, ila mara ya mwisho simu ilikatwa, na sijui kama una nguvu ya kukatiwa tena. Ukisubiri mpaka afike, mtatazamana machoni, na hilo ni kubwa. Ila tena ataliona baka akiwa ameishika shali kwa mara ya kwanza tangu 2020, hajajiandaa, na wewe uko mbele yake. Hizo zote zinapitika, na zote zinaweza kwenda vibaya. Kutomjibu ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu anaweza kuja hivyo hivyo, na mtajikuta tena kila mmoja upande wake.

Unaweza pia kupanga mkutane kwanza mahali pengine, hewani, pasipo mlango. Kwa mikono yako itakuwa nafuu. Tatizo ni kwamba yeye ameuliza kuhusu mlango, na ukimkutania nje bila maelezo anaweza kukuona umemrudisha dirishani. Itategemea kama anajua ulivyo. Nadhani hajui. Anadhani uliufunga mlango kwake. Hajui kwamba hujamfungulia mtu yeyote, hajui habari za bomba na kidole, hajui mikono inawaka usiku. Kumwambia hayo ni kujiweka uchi mbele ya mtu aliyekukasirikia, na si kila ndugu hupokea vyema. Lakini ni habari asiyokuwa nayo, na anapima uhusiano wenu bila hiyo.

Na shali yenyewe, mwanangu, si yake peke yake. Umeandika kama mtu aliyetakiwa kurudisha mali. Mama aliivaa akiwa nawe. Hata hilo mnaweza kuzungumza.

Sasa mikono, na hapa nitasema kwa uzito zaidi. Mwenzako wa kazini aliuliza unaogopa nini wakati korona imekwisha. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ile hali ya dharura iliyotangazwa tangu 30 Januari 2020 imefikia kikomo. Tangazo lile halikuingia majumbani kuketi na watu. Miaka hiyo yote tulifundishwa kuogopa kwa bidii, kwa picha, kwa hesabu za kila jioni. Kuacha kuogopa hatukufundishwa na mtu. Nililiona hilo kwa wengi niliozungumza nao, na bado naona tulidanganyika kudhani amri ikiondolewa na mwili unatii.

Kinachotokea kwako kina mwendo wake. Wasiwasi unapanda, unaosha, unashuka. Kwa kuwa umeshuka baada ya kuosha, akili inaandika kwamba maji ndiyo yaliyokuokoa, na kesho inayadai tena, mara nyingi zaidi. Kumbe wasiwasi ukiachwa nao hushuka wenyewe, polepole, ila akili yako haijawahi kupewa nafasi ya kuliona hilo. Ndiyo maana kujua hakukusaidii: kunakaa kichwani, na hii imekaa mkononi. Wataalamu wa afya ya akili wana tiba ya mazungumzo na mazoezi kwa hali ya namna hii, ambapo mtu hukaribia anachokiogopa kwa hatua ndogo sana akiwa na mtu wa kumsindikiza, na imewasaidia wengi. Mojawapo ya mambo wanayoyaangalia ni kama kuosha na kuhakikisha kunakula zaidi ya saa moja kwa siku au kunakuzuia kuishi. Hukusema ni saa ngapi. Lakini nyumba isiyoingia mtu tangu 2020 imeshaniambia kitu. Tafadhali tafuta mtaalamu huyo, na ngozi pia ionwe, isije ikaota vidonda. Wakati unasubiri, ipake mafuta mazito kila baada ya maji.

Mweleze pia kuhusu mama. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua majonzi yaliyokaa muda mrefu kuliko kawaida, yanayomzuia mtu kuendelea na maisha, kuwa jambo linalostahili tiba. Sikupi jina la ugonjwa kupitia barua, siwezi na sipaswi. Nasema tu kwamba msiba wa kukatishwakatishwa kama wenu unaweza kukaa mwilini miaka, na si udhaifu wako.

Na nikuulize waziwazi, kwa sababu uliandika kwamba jambo hili "linakumaliza". Kuna usiku unaotamani usiamke? Kama upo, usingoje mwezi ujao wala jibu la mtu, mwambie mtu leo, hospitali iliyo karibu nawe au jirani yule unayezungumza naye nje. Kama ni namna ya kusema tu, nisamehe, nimeona afadhali niulize.

Kama utaamua kumfungulia, usifanye mkono uzungushe ufunguo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Una wiki kadhaa. Siku moja fungua ukiwa peke yako, uache wazi dakika mbili, usioshe mpaka uhesabu dakika tano. Siku nyingine jirani asimame kizingitini. Ukishindwa, umeshindwa siku hiyo tu. Kama utaamua bado huwezi, mwambie hivyo mwenyewe, kwa sauti yako, asije akalijua kwa kuusukuma mlango.

Lakini kabla ya kumjibu, fanya moja kwa ajili yako, hata kama hutafanya mengine. Lifungue lile fundo la mfuko wa plastiki. Itoe shali, ikunjue magotini, ulitazame baka kwenye mwanga. Kaa nayo kiasi utakachoweza. Halafu niandikie ulikuta nini.

Mshauri wako